Kabla ya Kulipia Ukumbi

Harusi nyingi za mijini Tanzania huandaliwa kwa miezi. Kamati hukutana kila Jumapili, kadi za michango husambazwa, sare za kicheni pati na sendofu hushonwa, ukumbi hulipiwa kianzio. Linaloachwa hadi wiki ya mwisho ni lile linaloifanya sherehe hiyo iwe ndoa: taarifa ya kusudio la kuoana. Sheria inataka taarifa hiyo ifike kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa kufungwa. Wachumba wanaofika bomani siku ya Alhamisi, kadi za mwaliko za Jumamosi zikiwa zimeshagawiwa, hujikuta wanabembeleza.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na inatumika Tanzania Bara; Zanzibar ina utaratibu wake na mahakama zake za kadhi. Kabla ya hapo Wakristo, Waislamu, Wahindu na waliooana kimila walikuwa kila kundi na kanuni zake. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya kuwa na sheria moja, na miaka miwili baadaye Bunge likaipitisha. Ndoa ikaendelea kufungwa kanisani, kwa sheikh, kimila au kiserikali, lakini zote zikawa na mizizi katika sheria ileile. Cheti cha bomani hakina uzito zaidi ya cha msikitini, wala cha kanisani hakikizidi cha bomani.

Siku 21 huwakera watu wengi, wakiziona kama usumbufu wa ofisi. Si haki kuziona hivyo. Taarifa hutaja majina ya wachumba, umri wao, makazi yao na kama kuna aliyewahi kuoa au kuolewa. Tangazo hutolewa hadharani ili mwenye neno aseme. Huenda kuna mke huko Singida ambaye mume hakumtaja. Huenda bwana harusi bado yumo katika ndoa ya mke mmoja, na mtu wa namna hiyo hawezi kuoa tena ndoa hiyo ikiwa hai. Hata aliyeoa kwa ndoa inayoruhusu wake wengi hawezi kwenda kumuoa mwingine kwa ndoa ya mke mmoja. Sheria inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi akiona kwamba kipato cha mume hakitatosha na familia itataabika, au kwamba anayekuja ana tabia mbaya inayojulikana, ana ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Pingamizi likipokelewa, shughuli husimama hadi suala liamuliwe. Ni heri lisimame wakati huo kuliko kuibuka miaka kumi baadaye msibani, wajane wawili wakigombea nyumba moja.

Yako mazingira ambayo hayawezi kusubiri, na kwa hayo Msajili Mkuu anaweza kutoa leseni maalumu inayoondoa sharti la siku hizo. Leseni hiyo ipo kwa sababu nzito. Haikuwekwa kwa ajili ya kamati iliyochelewa.

Nani basi afungishe? Kwa ndoa ya kiserikali wachumba huenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambayo watu bado huiita bomani, au kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanza kazi mwaka 2006. Kwa ndoa za dini, kiongozi wa dini ndiye hufungisha, na hapa ndipo wengi hupitiwa. Kuvaa kanzu au joho, hata kuongoza waumini elfu moja, hakumpi mtu mamlaka ya kufungisha ndoa. Anahitaji leseni ya Msajili Mkuu. Makanisa madogo yanazidi kuota katika vitongoji vya Dar es Salaam, Mbeya na Mwanza, na si kila mchungaji ana leseni hiyo.

Sheria imewaonea huruma waliodanganyika. Ndoa haibatiliki kwa sababu tu mfungishaji hakuwa na mamlaka, isipokuwa kama bwana na bibi harusi wote wawili walilijua hilo siku ile. Mahari isiyomalizwa haiibatilishi, na kukosa kusajiliwa hakuibatilishi. Lakini uhalali ni jambo moja na kuuthibitisha ni jambo jingine. Asiye na leseni hana kitabu cha vyeti kinachotambulika. Siku ya kudai mirathi, mafao ya mume au viza ya kumfuata mke ughaibuni, familia hulazimika kutafuta mashahidi na picha za harusi kuthibitisha kile ambacho karatasi moja ingemaliza.

Wako pia wanaoegemea miaka miwili. Ni kweli kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, sheria huwachukulia kuwa wameoana. Dhana hiyo, hata hivyo, yaweza kupingwa mahakamani na kuanguka. Aliyekaa na mwenzake miaka saba bila cheti hajajiwekea kinga anayoidhania.

Aliyeachika aende kwa msajili na hati ya mahakama. Talaka aliyoandika mume na kuiacha juu ya meza haimalizi ndoa mbele ya sheria hadi mahakama iitamke. Mjane achukue cheti cha kifo. Waliooana kimila wana siku 30 za kwenda kusajili, na wengi hawajui.

Kuhusu umri, sheria ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016 na kuagiza umri uwe miaka 18 kwa wote, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Mzazi anayepeleka binti wa miaka 16 kwa mfungishaji anajaribu kupita pale ambapo mahakama ya juu kabisa nchini imeshapafunga.

Kwa hiyo wachumba waanzie kwa msajili kabla ya kulipia ukumbi. Wamwombe mchungaji au sheikh awaonyeshe leseni yake. Mwenye nayo haoni aibu kuitoa. Waandae mashahidi wawili watu wazima wanaoelewa wanachoshuhudia. Na kabla ya kutia saini, wasome kila herufi ya majina yao na kuilinganisha na vitambulisho vya taifa, kwa kuwa jina lililokosewa kwenye cheti hurekebishwa kwa safari nyingi za ofisini.