Maji Nyumbani (3): Kubadilisha Mfereji wa Jikoni

Wiki jana tuliishia kwenye tenki na mabomba yake. Leo tuingie jikoni.

Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku. Kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya mitungi sita ya lita 20. Hapa Ndithini, Bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981 ni jirani yetu, lakini nyumba nyingi bado hutegemea visima na mvua ya Oktoba hadi Desemba inayokingwa kwenye paa. Kupoteza mitungi sita ni hasara kubwa.

Kabla ya kununua mfereji mpya, fungua ule wa zamani. Mara nyingi kilichochakaa ni washa, kile kipande cha mpira kilicho ndani, na bei yake ni ndogo mno. Ukikuta uzi umelika au mwili una ufa, basi nenda hadiwea, na uubebe huo wa zamani ili vipimo vilingane. Kwa kawaida uzi huwa wa nusu inchi.

Dukani ndiko wengi hukosea. Mifereji mingi ya kisasa yenye mkono mmoja imeundwa kwa maji yenye msukumo mkubwa. Maji hupata msukumo wa takriban bar 1 kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo tenki lililo mita 3 juu ya sinki hutoa kama bar 0.3 tu. Mfereji wa bei ghali utakutolea maji membamba kama uzi. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba maji yako ni ya tenki, akupe mfereji wa kawaida wenye tundu pana.

Kazi yenyewe si ndefu. Funga valvu ya tenki, kisha fungua mfereji maji yaishe bombani. Kama mfereji umetoka ukutani, tumia spana mbili: moja ishike elbo, nyingine izungushe mfereji kinyume cha saa. Ukitumia moja, bomba la plastiki linaweza kupasuka ndani ya ukuta, na hapo utaita fundi na mwashi pamoja. Mahali penye maji ya chumvi ya kisima utaona magamba meupe yameushika uzi. Yaloweke kwa siki usiku kucha badala ya kutumia nguvu.

Mfereji ukishatoka, weka ndoo, ufungue valvu kidogo. Usiiruke hatua hii. Maji ya paa huleta mchanga laini, na chembe zake ndizo zinazoharibu mfereji mpya mapema. Kisha funga tena, zungushia uzi wa mfereji tepu ya kuzibia maji mara kama kumi kufuata mwendo wa saa, ukaze kwa mkono, umalizie kwa spana taratibu.

Fungua maji, kausha kiungo kwa kitambaa, ukiangalie tena asubuhi. Kikiwa na unyevu, fungua na uzungushe tepu upya; usikikaze zaidi.