Stripu ya Sukari na Joto la Makupa

Mkaazi wa Makupa anayejipima sukari nyumbani huitegemea stripu, ule ukanda mwembamba unaowekwa tone la damu kisha mashine ikatoa nambari. Kwa nambari hiyo mtu huamua kiasi cha insulini atakachojidunga. Ikikosea, anayeumia ni yeye.

Ndani ya stripu za kawaida mna kimeng'enya, protini inayoitambua glukosi na kuipokonya elektroni. Mashine huupima umeme huo mdogo. Mbinu hii ilianzia kwa Leland Clark na Champ Lyons, Marekani, mwaka 1962. Lakini protini haipendi joto wala unyevu, na Mombasa tumejaliwa vyote viwili. Stripu nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na mwezi wa Machi chumba chenye paa la mabati hupita hapo kwa urahisi.

Watafiti wanajaribu kukiondoa kimeng'enya na kutumia oksidi za metali, kama ya shaba au ya nikeli, zenye chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Nazi nzima haitoi tui mpaka ikunwe. Vivyo hivyo, chembe zikiwa ndogo, glukosi hupata pahali pengi pa kugusa. Oksidi yenyewe huzichukua elektroni, na joto la chumbani haliiharibu.

Mbona basi hatuzioni kwenye famasi? Oksidi hizi hufanya kazi vyema katika alkali kali, ilhali pH ya damu ni takriban 7.4. Tena hazichagui sana: vitamini C na asidi ya yuriki pia hutoa elektroni, nambari ikapanda bila sukari kupanda. Ukiuziwa "stripu ya nano isiyoharibika", muulize mfamasia kwanza.

Kwa sasa tuzilinde tulizo nazo. Ziache kwenye kikopo chake na ukifunike mara utoapo moja. Usikiweke dirishani, garini wala ndani ya friji. Anayenunua moja moja, zimefungwa kwa karatasi, hajui zilikaa wapi. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Nawa mikono na uikaushe, kwani maji ya embe kidoleni hupandisha nambari. Isipolingana na unavyojihisi, rudia kwa stripu nyingine; shaka ikibaki, nenda kituo cha afya ukiwa na mashine na kikopo chako.