Msanii Asilipishwe Kusubiri

Mkulima mdogo wa chai wa Litein, Kericho, au Mogogosiek, Bomet, hafiki kwenye kituo cha kununulia majani akiwa ameshika hela za kumwomba karani ampimie. Katika mfumo uliojengwa na shirika la chai la KTDA tangu 1964, majani hupimwa, kilo huandikwa, lori huyabeba hadi kiwandani, na gharama za kusindika na kuuza hukatwa baadaye kutoka kwa fedha zilizoletwa na chai yenyewe. Hata mbolea huchukuliwa kwanza, ikalipiwa kidogo kidogo kwa makato. Lakini binti yake mchoraji, au jirani yake ashonaye shanga, akitaka kupeleka kazi kwenye maonyesho makubwa ya mjini, mara nyingi hukuta mambo yamepinduliwa. Hulipa ada ya maombi kabla kazi haijatazamwa, ada hairudishwi akikataliwa, na pengine hapewi ndiyo wala siyo, bali huambiwa yuko kwenye orodha ya kusubiri. Utaratibu huu humtwisha msanii hasara ambayo mwandalizi ndiye mwenye uwezo wa kuibeba. Unaweza kubadilishwa, na watu wa nchi ya chai wanaujua ule ulio bora kwa sababu ndio wanaouzia majani yao kila wiki.

Tuanze na hesabu ya mfano. Tuseme maonyesho yana vibanda 60, yanapokea maombi 300, na kila ombi linatozwa shilingi 1,500. Jumla ya ada ni shilingi 450,000. Wasanii 60 waliopata nafasi wamechangia 90,000 tu. Zile 360,000 zilizobaki, yaani asilimia 80, zimetoka kwa watu 240 ambao hawatauza chochote pale. Waliokosa ndio waliowalipia waliopata. Kuna ubaya mwingine pia: mwandalizi anayetegemea ada za maombi hunufaika waombaji wakiongezeka, hata kama wanunuzi hawakuongezeka. Tatizo hili si la Kenya peke yake. Marekani, ada ya maombi ya makumi ya dola ni jambo la kawaida kwenye maonyesho ya sanaa na ufundi, na kodi ya kibanda huja juu yake. London, taasisi ya sanaa ya Royal Academy imeandaa maonyesho yake ya kiangazi kila mwaka tangu 1769. Siku hizi hupokea zaidi ya kazi 10,000, kila moja kwa ada, na ni sehemu ndogo tu inayofika ukutani. Ila msanii wa Bomet ana mzigo wa ziada: zaidi ya kilomita 200 za barabara hadi Nairobi, nauli ya kwenda na kurudi, malipo ya mizigo kwenye matatu na mahali pa kulala. Ada ya maombi ni mlango wa kwanza tu wa gharama hizo.

Orodha ya kusubiri nayo ina sura mbili. Kwa mwandalizi ni akiba, maana mtu akijiondoa kibanda hakibaki kitupu. Kwa msanii ni mtaji uliolala. Chukua sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik ambacho Wakenya wengi wamekiona kwenye televisheni wanariadha wakilakiwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kibuyu hupandwa, husubiriwa kikomae na kukauka, hukatwa mdomo, hutiwa maji hadi nyama ya ndani ilainike, huondolewa mbegu, kisha hukaushwa tena. Ndipo kazi ya ngozi na shanga huanza, ushanga mmoja baada ya mwingine, shingoni na kwenye kifuniko. Anayetaka kupanga vibuyu 30 kibandani hawezi kuanza siku anapopokea ujumbe wa simu wiki moja kabla ya maonyesho. Lazima anunue ngozi na shanga mapema, mara nyingi kwa mkopo wa chama, na mkopo huo una tarehe ya kulipwa. Akiacha bidhaa zikae akimsubiri mwandalizi, riba inapanda. Akimuuzia dalali kwa bei ya kutupa, kisha akaitwa, hana cha kupeleka. Maonyesho yakiangukia Desemba, hasara huwa maradufu, kwa kuwa huo ndio msimu wa vijana kutoka jandoni na wa sherehe za familia, wakati shanga zinapotafutwa huku huku Kericho na Bomet. Msanii aliyeachwa njia panda hukosa soko la mjini na la nyumbani pia.

Kinachozidisha maumivu ni kutojua. Aliye kwenye orodha haambiwi kama ni wa tatu au wa tisini, wala ni watu wangapi hujiondoa kwa kawaida, wala ni kipi kilichopungua katika kazi yake. Bila habari hizo hawezi kupiga hesabu kama mfanyabiashara. Anabaki kubahatisha. Usiri huzaa shaka, na wasanii wa Kenya wanayo sababu ya kuwa nayo. Mwaka 2015 walipaza sauti kupinga orodha ya walioteuliwa kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya Venice Biennale, ambamo wengi walikuwa wasanii kutoka China, hadi serikali ikajitenga na banda la Kenya huko. Walifaulu kwa sababu majina yalikuwa wazi na kila mtu aliweza kuyasoma. Orodha ya kusubiri isiyotangazwa haina wa kuikagua.

Waandalizi wana majibu yao, na ni haki yapimwe. Wanasema ukumbi hulipiwa, walinzi hulipwa, na wataalamu wanaochagua kazi huhitaji posho. Ni kweli. Lakini kwa ombi, msanii anapata huduma moja tu, nayo ni kuchaguliwa au kukataliwa, na siku hizi picha za kazi hutumwa kwa simu zikatazamwa kwa siku chache. Ikiwa ada ni lazima, ilingane na gharama hiyo pekee, hesabu yake itangazwe, na kwa aliyepata nafasi ihesabiwe ndani ya kodi ya kibanda. Wanasema pia kwamba ada huwachuja wasio makini. Ada huwachuja wasio na fedha, na hao si watu wale wale. Mwenye nazo hulipa hata kama kazi yake ni ya kubabaisha, ilhali fundi hodari ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo haombi kabisa. Umakini huonekana kwenye kazi yenyewe, na wingi wa maombi hupunguzwa kwa kuweka kikomo cha kazi ambazo kila mtu anaweza kuwasilisha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: ukifuata mfano wa chai, ukatoza kamisheni ya mauzo badala ya ada, wauzaji watayaficha mauzo. Dawa yake ni malipo kupita mahali pamoja. Maonyesho yawe na Till moja ya M-Pesa, kila mnunuzi apewe risiti, na msanii atumiwe fedha zake ndani ya siku saba, kamisheni ikiwa imekatwa. Mfumo huu si mgeni: minada ya sanaa ambayo Circle Art Agency ilianza kuiendesha Nairobi mwaka 2013 hutegemea kamisheni ya kazi zilizouzwa. Mkulima wa chai ataongeza kwamba makato nayo huuma, na hakosei. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika sana kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, wakidai hesabu za viwanda ziwekwe wazi. Malalamiko hayo hayaivunji hoja hii. Hakuna mkulima anayedai aanze kulipia mizani. Wanachodai ni makato yanayojulikana na hesabu inayokaguliwa, na msanii anastahili hayo hayo.

Mahali pa kuanzia ni kwenye kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti shughuli za kitamaduni, pamoja na masoko na maendeleo ya biashara. Kericho na Bomet zinaweza kukodi vibanda kwa pamoja kwenye maonyesho ya Nairobi, zikawapokeza wasanii wao kwa zamu, na kurudisha gharama kwa makato ya mauzo. Katika maonyesho yanayoandaliwa hapa nyumbani, masharti yawe manne: asitozwe mtu kodi ya kibanda kabla nafasi yake haijathibitishwa, kila anayesubiri ajue nambari yake, orodha ifungwe siku 30 kabla ya maonyesho, na aliyekosa aelezwe sababu.

Wasanii nao wasisubiri kuhurumiwa. Jiungeni katika vikundi na vyama vya ushirika, na kabla ya kutuma hata shilingi moja ulizeni mambo matatu: mwaka jana walioomba walikuwa wangapi, waliopata nafasi walikuwa wangapi, na walioitwa kutoka orodha ya kusubiri walikuwa wangapi. Mwandalizi asiyeweza kujibu maswali hayo hastahili ada yenu.