Simbilisi jikoni au bandani? Chagua makazi kabla hujanunua hata mmoja



Maswali kuhusu simbilisi yamekuwa mengi siku hizi, na karibu yote yanafanana: "Afisa, nianze na wangapi?" Mimi huwa najibu kwa swali: watalala wapi? Simbilisi hahitaji mtaji mkubwa, hali pumba nyingi kama kuku, na anazaa haraka. Lakini wengi wanaoanza hupoteza wanyama kwa sababu ya makazi, siyo kwa sababu ya chakula wala soko. Usiku mmoja wa siafu unatosha kumaliza mradi mzima.

Wengine mnamwita pimbi, ingawa pimbi halisi ni yule wa kwenye mawe. Huyu tunayemzungumzia asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako amefugwa kwa nyama kwa maelfu ya miaka. Kwetu anafugwa sana Iringa, Njombe na Mbeya, na kule Kivu, mashariki mwa Kongo, familia nyingi zinamfuga kwa sababu ni mdogo na ni rahisi kumficha kukiwa na vurugu. Kwa hiyo ni mifugo kamili, siyo mchezo wa watoto.

Tatizo la jikoni

Ufugaji wa kizamani ni kuwaachia jikoni. Wanakula maganda, wanalala pembeni ya jiko, na joto wanalipata. Kwa mboga ya nyumbani mara moja moja, sawa. Kwa biashara, hapana. Sababu ni hizi:

- Moshi unaharibu mapafu yao, na simbilisi akishikwa na kifua hachukui siku nyingi.
- Wanakanyagwa, na paka au mbwa anaingia muda wowote.
- Hujui nani kazaa na nani. Dume anapanda mama yake na dada zake, na baada ya vizazi vichache unaona watoto wadogo, dhaifu, wengine wanazaliwa wamekufa.
- Samadi inapotea. Samadi ya simbilisi ni nzuri sana kwa bustani ya mboga, ila jikoni unaifagia na majivu unatupa.

Usiige vizimba vya mtandaoni

Ukitafuta picha kwenye simu utaona vizimba vya plastiki vyenye gurudumu la kukimbilia. Vile vimetengenezwa kwa ajili ya hamster, mnyama mdogo wa kufuga kwa mapenzi ambaye kwa kawaida anakaa peke yake. Simbilisi ni tofauti kabisa. Anaishi kwa kundi, hapandi ngazi, na gurudumu linaumiza mgongo wake. Anachotaka ni eneo la chini lenye nafasi, sakafu kavu na mahali pa kujificha.

Uchindile siyo Ifakara

Hapa ndipo wengi wanakosea: wanachora banda moja kwa bonde zima la Kilombero. Simbilisi anakaa vizuri kwenye nyuzi joto kati ya 18 na 24 hivi. Joto likipita 30 anaanza kuhema, na mwenye mimba ndiye anakufa wa kwanza. Baridi yenye upepo na unyevu nayo inamletea kichomi.

*Kwa aliye Ifakara, Mang'ula au Mngeta:* adui wako ni joto na maji. Inua sakafu ya banda juu ya ardhi, maana masika bonde linajaa. Weka banda chini ya kivuli cha mti, acha kuta wazi upande wa juu kwa wavu, na kama unaezeka bati, weka nyasi juu yake au tandika dari la mianzi chini yake. Bati tupu mchana wa Ifakara ni tanuri.

*Kwa aliye Uchindile na vijiji vya mlimani kuelekea Mufindi:* adui wako ni upepo, ukungu na mvua ya kupiga pembeni. Ziba ukuta wa upande unaotoka upepo mpaka juu. Pande nyingine ziba kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, juu acha nafasi ya hewa. Usizibe kote kwa kuogopa baridi! Mkojo ukikosa pa kutolea harufu, ile hewa kali inayochoma macho inawaua polepole. Kipimo ni rahisi: piga magoti uweke uso usawa wa mnyama. Kama wewe macho yanawasha, yeye anavumilia hiyo hali saa 24.

Vipimo vya kizimba

Wafugaji wa Peru wanatumia vizimba vya sakafuni vya urefu wa mita 1.5, upana mita 1, na kuta za sentimita 45. Kizimba kimoja kinabeba majike 7 hadi 10 na dume mmoja. Kuta fupi hivyo zinatosha kwa sababu simbilisi si mrukaji. Ila ukuta huo unamzuia yeye asitoke, haumzuii adui asiingie. Kwa hiyo vizimba vyote viwe ndani ya banda lenye mlango, au kila kimoja kiwe na mfuniko.

Sasa tupige hesabu. Chukua majike 8 na dume 1. Mimba ni siku 68 hivi, na jike anaweza kupandwa tena saa chache tu baada ya kuzaa. Tukisema kwa tahadhari mizao 4 kwa mwaka, na watoto 2 wanaofika kuachishwa kwa kila uzao, ni 8 × 4 × 2 = 64 kwa mwaka, yaani watano hivi kwa mwezi.

Watoto unawatenga wakiwa na wiki 3, madume kwao na majike kwao. Usichelewe, jike wa mwezi mmoja anaweza kushika mimba. Ukiwauza wakiwa na miezi minne hivi, muda wote utakuwa na wanaokua kama 16. Kwa hiyo unahitaji:

1. Kizimba 1 cha wazazi
2. Kizimba 1 cha madume wanaokua
3. Kizimba 1 cha majike wanaokua
4. Kizimba 1 cha wagonjwa na wageni (mnyama yeyote mpya akae humu wiki 2 kwanza)

Vinne hivyo, viwili kila upande na njia ya kupita katikati, vinaingia kwenye banda la mita 3 kwa 3. Aliyejenga kizimba kimoja tu, banda litamjaa kabla hajapata mteja wa tatu. Hapo ndipo madume yanapigana, majike wadogo wanabeba mimba, na kijana anaanza kusema simbilisi hawalipi.

Vifaa: tumia kilicho karibu

Uchindile mmezungukwa na mashamba ya mipaina na mikaratusi. Mabanzi yanapatikana, mianzi ipo. Hiyo ni faida, ila zingatia mambo matatu.

*Kwanza, mbao zilizotiwa dawa.* Nguzo na mbao zenye rangi ya kijani zimewekewa dawa ya kuzuia mchwa, na aina nyingi zina shaba na hata aseniki. Simbilisi anatafuna mbao kila siku kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Nguzo hizo tumia nje kushika paa tu. Ndani, anapofikia mdomo, weka mabanzi yasiyo na dawa.

*Pili, maranda ya mpaina.* Mabichi yana mafuta yenye harufu kali inayosumbua mapafu. Yaanike juani mpaka harufu ipungue, au tumia nyasi kavu, ambayo ni bora zaidi kwa kuwa anailalia na kuila. Vumbi laini la msumeno usitumie kabisa. Nyasi za mpunga kutoka bondeni zinafaa zikiwa kavu, zisiwe na ukungu. Matandiko yaliyolowa toa kila siku, na kizima badilisha kila wiki.

*Tatu, sakafu ya wavu.* Inaonekana safi, lakini inaumiza nyayo na mguu wa kitoto unanasa. Weka sakafu ya udongo ulioshindiliwa, saruji au mbao zilizobana, kisha matandiko juu.

Maadui wa usiku

- *Siafu:* kama vizimba vina miguu, kila mguu uuweke kwenye kopo lenye oili chafu, na usiache jani linaning'inia hadi chini likawa daraja. Kama ni vya sakafuni, zungushia banda majivu, ongeza kila baada ya mvua, na fyeka mita mbili kuzunguka.
- *Panya na nyoka:* wavu wa kuku hauwazuii. Tumia wavu wenye matundu ya nusu inchi. Panya anakula vitoto vilivyozaliwa usiku huohuo.
- *Paka na kicheche:* mlango uwe na kitasa, siyo kamba.

Ndani ya kila kizimba weka vibanda vidogo vya banzi vyenye matundu mawili. Simbilisi ni mwoga, na dhaifu akibanwa kwenye kona isiyo na njia anaumizwa.

Usichanganye na sungura wala kuku

Najua unataka kubana matumizi, lakini sungura anaweza kubeba vijidudu vya kifua ambavyo yeye havimsumbui ila simbilisi vinamuua. Mateke yake nayo ni hatari. Kuku anaweza kuleta salmonela. Kila mmoja na nyumba yake.

Chakula kwa kifupi

Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama sisi binadamu. Kwa hiyo kila siku apate majani mabichi: matete, majani ya viazi vitamu, mchicha pori. Ninginiza kwenye chanja, usitupe sakafuni yakakojolewa. Majani ya parachichi na ya viazi mviringo ni sumu, yaweke mbali. Maji safi yawepo kwenye chungu kizito kisichopinduka.

Kabla hujatoa hela

Jenga kwanza, mnyama baadaye. Acha banda likae wiki moja, ingia humo asubuhi mapema na usiku, sikia upepo unatoka wapi, tazama mvua inavuja wapi. Nunua majike sehemu moja na dume sehemu nyingine, ili damu isiwe moja. Kama unawasafirisha kwa treni ya TAZARA au kwa basi, tumia kreti lenye matundu na nyasi ndani, na ulizia kibali cha kusafirisha mifugo kwa ofisa mifugo wako kabla ya safari.

Na wewe uliye na banda tayari, leo jioni piga magoti ndani yake, vuta pumzi. Utajua pa kuanzia kurekebisha.