Majipu yasiyokoma kwa mtoto huenda yakawa dalili ya kasoro katika kinga

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mtoto anayetokwa na majipu kila mara hupewa maelezo upesi: nyumba zimebanana, maji hununuliwa kwa mtungi na watoto hulala pamoja. Aghalabu maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, wapo wachache wasioweza kuponywa kwa sabuni na maji, kwa kuwa walizaliwa na kasoro katika kinga ya mwili.

Wanasayansi wametambua zaidi ya magonjwa 450 ya aina hiyo. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni, na tofauti na Ukimwi, hayaambukizwi.

Katika mojawapo, chembechembe nyeupe za damu humeza viini lakini hushindwa kuviua, kwani haziwezi kutengeneza kemikali za kuviangamiza. Usaha hujikusanya ngozini, kwenye tezi, mapafuni na hata katika ini. Idadi ya chembechembe hizo yaweza kuwa ya kawaida maabarani, ilhali utendaji wake ndio wenye dosari. Hivyo kuzihesabu pekee hakutoshi.

Ugonjwa mwingine ulielezwa na madaktari nchini Marekani mwaka wa 1966, wakaupa jina la Ayubu, yule wa Biblia aliyepigwa kwa majipu. Jipu lake laweza kuwa kubwa bila joto wala wekundu. Mtoto huwa na ukurutu tangu uchangani, hupata nimonia mara kwa mara na meno yake ya utotoni hukawia kung'oka.

Dalili nyingine za kumshtua mzazi ni mtoto kupata nimonia mara mbili kwa mwaka, kutoongeza uzani, kuwa na utando mweupe mdomoni usiokwisha, au kuwa na ndugu waliofariki wakiwa wachanga kwa maambukizi.

Hatari kubwa ni mazoea ya kununua vidonge vichache dukani. Kila jipu hutibiwa kana kwamba ndilo la kwanza, na hakuna anayehesabu. Ni heri mzazi aandike katika daftari tarehe ya kila jipu, mahali lilipotokea na dawa iliyotumiwa, kisha ampelekee daktari pamoja na kadi ya kliniki. Daktari atachunguza kwanza HIV, utapiamlo na kisukari, kabla ya kumwelekeza katika hospitali ya rufaa kama ile ya Kitaifa ya Kenyatta.

Upandikizaji wa uboho, unaoweza kuponya baadhi ya magonjwa haya, ni ghali mno. Lakini kotrimoksazoli, dawa ya bei nafuu ambayo wengi huiita Septrin, ikitumiwa kila siku kwa maagizo ya daktari hupunguza maambukizi katika magonjwa yote mawili yaliyotajwa hapa.