Datsun 240Z au Porsche 911: lipi la barabara ya Kilosa?

Porsche 911 ilimaliza ya pili kwenye Safari Rally mwaka 1972 ikiendeshwa na Sobiesław Zasada, ikarudia mwaka 1974 kwa Björn Waldegård, na tena mwaka 1978 kwa Vic Preston mdogo. Katika miaka hiyo haikushinda hata mara moja. Datsun 240Z, gari la bei nafuu na nguvu ndogo kuliko hilo, lilishinda mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Mpenzi wa magari ya zamani wa Morogoro anayetaka mojawapo, mimi humwambia aanze kuiwaza barabara ya Mikumi hadi Kilosa kupitia Ulaya, ile tuliyoizoea kwa vumbi lake la kiangazi na tope lake la masika.

Kwenye lami hakuna ubishi. Porsche Carrera RS ya 1973 ina nguvu za farasi 210; 240Z ina takriban 150. Lakini kutoka Morogoro utaingia Hifadhi ya Mikumi, na kwa kilomita 50 hivi kasi inadhibitiwa, kwa sababu nyati na twiga huvuka barabara hiyo bila kungoja mtu. Nguvu zote zile hazina kazi hapo.

Tope ndilo linaloipa Porsche heshima yake. Injini imekaa nyuma kabisa, hivyo uzito mwingi unazikandamiza tairi zinazosukuma gari. Kwenye udongo mweusi inakamata na kutoka, wakati Datsun, yenye injini mbele, inazungusha tairi za nyuma palepale. Dereva wa Datsun ajiandae kusukumwa.

Kiangazi mambo hugeuka. Mikunjo ya barabara, iliyojipanga kama bati la paa, hupiga saspensheni bila kupumzika, na uzito ule wa nyuma unaosaidia kwenye tope sasa unaziumiza bushi na shokapu. Kwa Safari ya 1978 Porsche waliinua gari lao hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Gari la kawaida la dukani halikaribii hapo.

Ila kwangu mimi shauri huamuliwa gereji. Injini ya 240Z ina silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Ukiifungua utakuta pistoni za kipenyo cha milimita 83, zinazopanda na kushuka milimita 73.7. Vipimo hivyo ni vilevile vya Datsun 1600, lile la silinda nne lililompa Herrmann ushindi wa 1970. Nissan, watengenezaji wa Datsun, waliongeza silinda mbili tu. Fundi aliyewahi kuifungua 1600 anaijua 240Z kabla hajaigusa.

Porsche inataka fundi aliyefundishwa. Haina rejeta, silinda zake hupozwa na feni, na vumbi likichanganyika na oili inayovuja huganda kwenye mapezi ya silinda, joto likakosa pa kutokea. Oili yenyewe hupimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Fundi asiyejua huchomoa kijiti asubuhi gari likiwa baridi, anakiona kikavu, anaongeza lita moja, mbili. Mchana oili iliyozidi inafurika hadi kwenye kichujio cha hewa na gari linatoa moshi. Mwenye gari anaambiwa injini imekufa, kumbe nzima.

Kwa hiyo nachagua Datsun, na nachagua kwa roho nyeupe. Adui wake mkubwa ni kutu. Porsche walianza kupaka bodi nzima zinki kwa magari ya 1976. 240Z haikupata kinga hiyo. Kabla ya kulipa, inua zulia ugonge sakafu kwa bisibisi, tazama chini ya betri, kisha fungua bonneti ukague pale shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Pakiwa na ufa au kiraka cha kuchomelea, mwachie mwenyewe gari lake.