Kumbukumbu ya waliotumika wakati wa vita
Waebrania 13:7 inatufundisha kuwakumbuka waliotuongoza na kuiga imani yao. Tuwakumbuke namna gani?

Daktari Helen Roseveare, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alifika Kongo mwaka 1953, akafundisha wauguzi huko Nebobongo. Mwaka 1964, vita vya Mulele vilivyoikumba Kindu vilimfikia naye: alipigwa, akakaa mikononi mwa waasi miezi mitano. Mwaka 1966 alirudi, akafundisha tena huko Nyankunde. Alifariki mwaka 2016.

Habari zake ziliandikwa. Za wauguzi Wakongo waliobaki na wagonjwa, nyingi hazikuandikwa. Sisi wa Kalima tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuandike majina. Kisha tuige: elimu ni ya kuhudumia, hata siku za hatari.